Mama akila sokoni, kuna ubaya gani?

Wamama wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya sahani. Si sahani ya nyumbani. Ni ile inayoliwa saa sita ya mchana katikati ya soko, juu ya benchi la mbao, mbele ya sufuria tatu ao nne na mama mwenye kijiko kikubwa mkononi. Malewa, tunavyoiita.

Mazungumzo haya yalianza katika kikao cha mwezi uliopita, tulipoelezwa habari ya mama mmoja muuzaji wa nyanya aliyeanguka sokoni. Waliokuwa karibu walidhani ni malaria. Ilikuwa njaa. Tangu jioni ya jana yake hakuwa ameweka kitu mdomoni, na mtoto wa miezi mitano alikuwa mgongoni. Hatua kumi kutoka meza yake kulikuwa malewa, na sufuria ya maharagi ilikuwa ikichemka. Pesa ya sahani ndogo alikuwa nayo ndani ya kitambaa kiunoni. Alipoulizwa kwa nini hakula, alijibu kwamba mama mwenye bwana na watoto hawezi kuonekana ameketi pale.

Jibu hilo lilizusha mabishano katika kikao. Wako waliosema amefanya vizuri, sababu mwanamke anayekula sokoni anakula pesa ya watoto. Wako waliocheka. Sisi tuliona afadhali kwenda kuangalia.

Kila soko letu lina malewa: soko kuu la Butembo, Kilokwa kule Beni, na visoko vya kartie ambavyo havina hata bati. Jina mlangoni hakuna, mara nyingi hata mlango hakuna. Kuna turubai, meza ndefu, jiko la makala, ndoo ya maji. Asubuhi sana ni chai, mandazi na uji wa soya, wa watu wa moto na wabeba mizigo. Kuanzia saa tano chakula kizito kinatoka. Kwanza bugali, obundu yetu, ya unga wa muhogo ao wa muhogo uliochanganywa na mahindi, imegeuzwa mpaka mkono wa mpishi unauma. Kisha maharagi. Kisha sombe iliyopondwa na kupikwa kwa mawese, mara nyingine pamoja na karanga ao samaki wadogo wakavu. Kabichi na matembele. Kwenye sufuria ya mwisho, ile ndogo, kuna tilapia ya ziwa Edouard ao nyama ya mbuzi, na ndiyo sufuria inayoangaliwa na macho mengi kuliko mikono. Wenye pesa kidogo wanaomba bugali na mchuzi wa nyama bila nyama yenyewe. Mpishi anaelewa, anawapa bila kusema kitu.

Mtu akitaka kujua barabara gani iko wazi, aangalie sufuria hizo. Viazi na maharagi mengi yanatoka upande wa Lubero. Tangu vita ilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, barabara ya kusini haijarudi kuwa ile tuliyoizoea, na mama wa malewa alijua hilo mbele ya redio. Samaki akipotea siku tatu, kuna jambo kule Kyavinyonge. Na Beni, tangu mauaji ya Oktoba 2014, wenye mashamba wengi wameogopa kwenda kuvuna muhogo na ndizi walizopanda wenyewe. Wamama wa Beni waliokuwa wakila muhogo wa shamba lao sasa wanununua unga kwa kipimo, sawa na watu wa mjini. Sahani moja inabeba mambo hayo yote, na bado mpishi anatafuta namna ya kutoongeza bei, sababu akiiongeza leo wateja watahamia jiko la jirani.

Ni nani aliyeketi? Siku ya posho tulikaa tangu saa tano mpaka saa nane, tukala pia, maharagi na sombe, na yalikuwa mazuri. Wanaume walikuja wawili wawili, wakanawa, wakala, wakalipa, wakaenda. Hakuna aliyewauliza kama watoto wamekula nyumbani. Wamama walikuja pia, lakini wengi hawakuketi. Walichukua bugali ndani ya mfuko wa plastiki, wakaenda kuila nyuma ya meza zao, wakiwa wamegeukia ukuta, mkono mmoja ukila na mwingine ukifukuza nzi juu ya bidhaa. Wengine hawakuja kabisa. Mama wa pembeni yetu, muuza mafuta ya mawese, alikunywa chai bila kitu kutoka asubuhi mpaka tulipoondoka. Wauzaji wa nyanya, wa makala, wa unga, wanatoka nyumbani saa kumi na moja ya alfajiri na kurudi giza likiingia. Hesabu wenyewe masaa hayo.

Haya ya kuona haya mbele ya chakula hayakuanza leo, wala hayakuanza kwetu peke yetu. Kwa majirani wetu Waganda, zamani kuku na mayai havikuwa chakula cha wanawake. Mama alimfuga kuku, alimchinjisha, alimpika, kisha akamtazama akiliwa. Kuna nyanya zetu hapa wanaoweza kusimulia makatazo ya namna hiyo. Waulizeni wakingali hai.

Na mbali sana na hapa kuna mfano mwingine, ambao sisi walimu tunaupenda kwa ajili ya somo la historia. Katika bahari kubwa ya Pasifiki kuna visiwa vya Hawaii, leo jimbo la Marekani. Wao pia wana malewa zao ndani ya masoko: unasimama mbele ya meza, unapewa wali vijiko viwili vya mviringo, makaroni ya baridi na nyama, yote ndani ya sahani moja. Sahani hiyo imetokana na wafanyakazi wa mashamba makubwa ya miwa na mananasi, watu waliotoka Japani, China, Ufilipino na Ureno, waliohitaji kushiba mchana ili wamalize kazi. Pembeni kuna poi, yaani majimbi yaliyopikwa na kupondwa mpaka yanakuwa laini kama uji mzito. Mtu wa Beni asingeshangaa sana.

Lakini zamani, katika visiwa hivyo, mwanamke alikatazwa kula pamoja na mwanaume. Alikatazwa nyama ya nguruwe, nazi, na karibu kila aina ya ndizi. Ndizi, wamama! Aliyevunja katazo hilo aliweza kuuawa. Mwaka wa 1819 mfalme mzee, Kamehameha, alikufa. Mjane wake Kaahumanu, pamoja na mama ya mfalme mpya, walimsukuma kijana huyo akomeshe katazo. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo, mbele ya watu wengi, mfalme aliinuka kutoka meza ya wanaume, akaenda kuketi kwenye meza ya wanawake na kula pamoja nao. Watu walingojea miungu iwapige. Hakuna kilichotokea, na katazo likaisha. Halikuisha kwa hotuba; mtu aliketi mahali ambapo hakupaswa kuketi, akala.

Kwetu hakuna sheria inayomkataza mama kula sokoni. Katazo letu ni macho ya watu na neno la mama mkwe. Tunaheshimu mama wakwe, na tunajua neno hilo lilitoka wapi: katika miaka ya taabu, mama mwema ndiye aliyekula mwisho. Ila mama aliyekula mwisho zamani alikuwa shambani kwake, akitafuna muhogo mbichi ao ndizi mbivu akilima, na hakuna aliyehesabu. Sokoni hakuna ndizi ya bure ya kuchuma. Asiponunua, hakula.

Tukija kwa mwili wenyewe: mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida yake, kiasi cha kalori 500 kila siku. Hiyo ni karibu sahani moja ndogo ya bugali na maharagi. Asipoipata, mwili unachukua kwake mwenyewe ili maziwa yaendelee kutoka, mpaka unachoka. Mjamzito naye anahitaji chuma kwa ajili ya damu, na maharagi yanayo, sombe pia. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi wetu tunaliharibu: chai nyeusi inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma hiyo. Kunyweni chai mapema asubuhi, ao ngojeni saa moja baada ya kula. Pamoja na maharagi, afadhali chungwa, kipande cha nanasi ao nyanya mbichi iliyooshwa vizuri.

Si kila malewa ni ya kuketi. Angalieni kwanza maji. Tunakumbuka wote namna ndoo zenye robine zilivyojaa katika miji yetu baada ya Ebola kutangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa, na wamama walikuwa wengi kati ya wagonjwa, sababu ndio wanaouguza. Mwaka wa 2021 ilirudi Butembo, kisha Beni. Tangu hapo ndoo nyingi zimekauka ao zimegeuzwa kuwa za kuwekea unga. Malewa yenye ndoo ya robine, maji ndani na sabuni kando, mpe huyo mama pesa yako, hata kama sahani yake ni ndogo kuliko ya jirani. Beseni moja ambamo watu kumi wananawa mmoja baada ya mwingine halisafishi mikono, linagawa uchafu.

Angalieni tena kama sufuria inatoa moshi. Butembo ni baridi, chakula kinapoa upesi na watu wanakila hivyo hivyo. Beni ni joto, chakula cha jana kinaharibika usiku uleule. Kote kuwili, maharagi yaliyolala yachemke tena mpaka yatoe mapovu, si kupashwa tu. Na sombe ikiwa bado ya kijani kali na ngumu mdomoni, iache. Majani ya muhogo yana sumu, inayotoka kwa kupondwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko. Mpishi anayetaka kuokoa makala anafupisha hapo.

Tuseme pia neno juu ya mama wa kijiko, sababu wengi wao ni wanachama wenzetu. Huyo anaamka mbele ya wote, anakula baada ya wote, na mara nyingi ni mjane ao mkimbizi aliyeanza na sufuria ya kuazima. Zamani mke mwenye bwana aliombwa ruhusa ya bwana wake mbele ya kufanya mapatano. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyobadilisha Kanuni ya Familia imeondoa ruhusa hiyo. Kwa hiyo anayetaka kukodi nafasi sokoni kwa jina lake, akodi. Kinachomwangusha siku hizi ni deni. Tuliona daftari moja la kurasa nyingi, majina na franga, na mistari michache tu iliyofutwa. Walio na mishahara ndio waliokuwa wengi ndani yake. Kila sahani isiyolipwa ni unga ambao hatanunua kesho.

Kikundi kimoja cha wauza mboga kimepata njia iliyotupendeza. Ni wanane, wako katika likelemba moja. Kila asubuhi kila mmoja anatoa pesa ya sahani ndogo mbele ya kuuza kitu chochote, mmoja wao anaipeleka kwa mama wa malewa, na saa sita wanakwenda kula wanne wanne, wengine wakibaki kulinda meza zote. Mpishi analipwa mapema, ananunua unga bila kukopa, na anawawekea maharagi mengi zaidi. Hakuna anayemwona mmoja wao peke yake kwenye benchi, hivi maneno ya watu yamepungua. Mabwana zao? Wawili walinung'unika juma la kwanza. Kisha waliona wake zao wanarudi jioni na nguvu ya kupika, wakanyamaza.

Kwa wanaotaka kuanza juma lijalo: ombeni nusu. Kila malewa inajua nusu ni nini, bugali ya ngumi moja na maharagi kijiko kimoja na nusu. Njooni mbele ya saa sita na nusu, wakati watu wa moto bado hawajajaza benchi. Mwenye mtoto amshushe mgongoni amweke miguuni, sababu mchuzi ni moto. Na mpishi akiona unanyonyesha, mara nyingi anaongeza kijiko cha maharagi bila kuombwa.