Je, Wajua? Si Kila Sola ni ya Jua

Je, wajua kwamba mkoani Simiyu kuna Sola isiyofungwa juu ya bati? Ni kata ya wilaya ya Maswa, na wakazi wa mji wa Maswa hunywa maji ya bwawa la New Sola. Jina hilo na ile sola ya kuchajia simu hawajuani kabisa. Msukuma, mwenyeji wa huko, jua analiita limi.

Sola ya paani tumeichukua kwa Mwingereza, solar, naye aliazima kwa Warumi, walioliita jua sol. Kwake neno hili kwa kawaida ni sifa tu, lazima liegemee jina jingine. Sisi tumelipa uhuru wake: tunafunga sola, tunauza sola, na mawingu yakitanda siku tatu tunasema sola imekufa.

Huko kwa Waingereza neno hili limetangatanga. Mwaka wa solar una siku 365, saa 5 na dakika 48 hivi. Bondia akipigwa konde la chembe cha moyo, ameguswa solar plexus, fundo la mishipa ya fahamu ambalo nyuzi zake hutawanyika kama miale. Na katika makasri ya kale, solar kilikuwa chumba cha juu, bwana na familia yake walikojitenga na kelele za ukumbini.

Kinachonichekesha zaidi ni kofia. Zile kofia ngumu za wakoloni, tunazoziona kwenye picha za ma-DC wa zamani, ziliitwa sola topi. Topi ni kofia kwa Kihindi. Kwa kuwa zilikinga jua, Waingereza wengi wakaamini jina limetoka huko, wakawa wanaandika solar. Kumbe sola ni mmea wa majimaji wa India, Wabengali huuita shola, na kiini chake chepesi kama sponji ndicho kilichotengenezewa kofia hizo. Wenye lugha yao, wakadanganywa na sauti!

Naye mchungaji wa Kilutheri akitaja sola fide, usidhani anauza paneli. Hiyo ni sola nyingine ya Kilatini, maana yake "peke yake": kwa imani peke yake.

Norwei nako kuna Sola, ulipo uwanja wa ndege wa Stavanger, mji unaojulikana kwa mafuta kuliko kwa jua.