Je, Wajua Bakteria Humchagulia Mnyoo Chakula?

Ndani ya tunda lililooza huishi mnyoo mwenye urefu wa milimita 1 hivi, mwili wake mwangavu kiasi kwamba chini ya hadubini utaona hata koo lake likifanya kazi. Jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans. Huyu si mnyoo tunayemezea dawa. Tumbo la binadamu halimhusu. Chakula chake ni bakteria. Na bakteria hao hao, wakipata makao utumboni mwake, wanaweza kubadilisha anachokipenda na anachokikimbia.

Wanyama ambao mfumo wao wa neva tunaujua kwa undani kama wa huyu ni wachache mno. Sydney Brenner alianza kumchunguza huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960. Mwaka 1986 John White na wenzake, akiwemo Brenner, walichapisha ramani ya seli zake zote 302 za neva, wakionyesha ipi imeungana na ipi. Waliipata kwa kumkata mnyoo vipande vyembamba mno, kuvipiga picha kwa hadubini ya elektroni, kisha kuufuata kila uzi kutoka picha moja hadi nyingine. Ni kazi ya subira ya ajabu, na bado inanishangaza kwamba kuna watu waliothubutu kuifanya.

Katika ramani hiyo kuna jozi ya seli kichwani iitwayo ASH. Kazi yake ni kuhisi hatari. Mguse mnyoo puani, au mwekee kemikali inayomchukiza, ASH husisimka naye hurudi nyuma papo hapo. Mojawapo ya kemikali hizo ni oktanoli, aina ya alkoholi.

Mtu angedhani kwamba ukishakuwa na ramani kamili, utajua daima mnyoo atafanya nini akinusa oktanoli. Sivyo. Mwaka 2020 Michael O'Donnell, Piali Sengupta na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani, walionyesha kwamba jibu linategemea pia nani anaishi utumboni. Waliwalea minyoo kwa bakteria wa kundi la Providencia. Kwa kawaida koo la mnyoo lina kinu kinachosaga bakteria kabla hawajafika utumboni, lakini baadhi ya Providencia huponyoka wakiwa hai, wakajishikiza humo na kuzaliana. Minyoo hao waliikwepa oktanoli kidogo kuliko wenzao waliolelewa kwa E. coli, chakula cha kawaida cha minyoo wa maabara.

Siri iko kwenye tiramini, kemikali ambayo mnyoo hujitengenezea mwenyewe na Providencia nao huitengeneza. Inaelekea kimeng'enya cha mnyoo huigeuza tiramini ya bakteria kuwa oktopamini, ambayo kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hufanya kazi inayokaribiana na ile ya noradrenalini mwilini mwetu. Oktopamini hiyo hunaswa na kipokezi kilichopo juu ya ASH, na woga wa harufu ile hupungua. Hata minyoo wasio na jeni ya kujitengenezea tiramini walibadilika vivyo hivyo, kwa kuwa bakteria waliwaletea walichokosa. Bakteria walipoondolewa jeni zao za kutengeneza tiramini, mabadiliko hayakutokea.

Kisha minyoo wakapewa nafasi ya kuchagua chakula. Minyoo waliobeba Providencia waliwaendea Providencia zaidi. Sidhani ni haki kusema bakteria wamemtawala mnyoo, maana bakteria hawana nia. Lakini kijidudu ambacho mwenyeji wake hukirudia mlo kwa mlo kina nafasi kubwa ya kuenea, na hilo latosha kwa uteuzi wa asili.

Kwa panya, njia ya bakteria kuugusa ubongo ni nyingine, kwa sababu wana neva ya vagasi inayounganisha tumbo na ubongo. Mwaka 2011 watafiti wa Ireland na Kanada waliwalisha panya aina fulani ya bakteria, Lactobacillus rhamnosus. Panya walionyesha wasiwasi mdogo, na kemia ya ubongo wao ikabadilika. Wale waliokatwa neva ya vagasi hawakubadilika.

Habari hiyo ilizua matumaini makubwa, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji awe makini. Bakteria hao hao walipojaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, hawakupunguza msongo wa mawazo kuliko dawa bandia. Kwa hiyo ukiona tangazo la vidonge vya bakteria vinavyoahidi kuondoa huzuni, uliza kwanza: vimejaribiwa kwa watu, au kwa panya tu? Na kama huzuni imekulemea, nenda ukamwone daktari.