Hesabu Iliyolala Bohari



Mtu akileta karafuu za mwaka juzi na kusema ni za msimu huu, mpimaji mzoefu humjua kwa kuzinusa tu. Hesabu haina harufu. Namba iliyochukuliwa miezi mitatu nyuma na namba iliyotolewa leo, zikipigwa chapa katika karatasi moja, hazipambanuki hata kidogo. Na kwa kuwa siku hizi vijana wenye kompyuta ndio wanaotutolea hesabu za masoko ya ng'ambo, yafaa sisi wenye mashamba tujue hesabu hizo hutoka wapi, na hulala wapi kabla ya kutufikia.

Nitatoa mfano wa Ulaya. Idara ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, iitwayo Eurostat, iliyoanza mwaka 1953 na yenye makao yake Luxembourg, huweka majedwali yake katika intaneti, na kila mtu huyachukua bila malipo: bei, mavuno, idadi ya watu, na biashara pia. Hesabu za biashara za bidhaa moja moja zimo katika ghala liitwalo Comext, zimepangwa kwa namba za forodha. Namba yetu ni 0907, na ndani yake mna karafuu, matunda yake mazima, na hata makonyo. Majedwali ya Eurostat hutiwa habari mpya mara mbili kwa siku, saa tano asubuhi na saa tano usiku za Luxembourg. Kwa saa zetu ni saa saba wakati wa baridi yao, na saa sita wakati wa joto lao.

Watu wa takwimu wanaotumia lugha ya kompyuta iitwayo R wana programu ndogo yenye jina lile lile, eurostat, waliyoitunga Leo Lahti wa Finland na wenziwe, wakaieleza katika jarida la R Journal mwaka 2017. Ukiitajia jedwali, hukuletea.

Lakini programu hii haipendi safari za bure. Mara ya kwanza hulifuata jedwali Luxembourg na kuweka nakala kompyutani. Ukirudia swali lile lile haitoki tena nje. Hukupa ile nakala. Ni busara, maana majedwali mengine ni makubwa na intaneti ya shamba ni ya kuvizia. Kwa kawaida nakala hukaa pahala pa muda, na R ikifungwa hufutika. Mwenye kutaka kupunguza gharama, hata hivyo, huweza kuiagiza iweke nakala katika folda ya kudumu. Hapo nakala hukaa hata mwaka mzima, nayo kila ikiulizwa hujibu kwa uso mkunjufu kama iliyofika sasa hivi.

Huko Luxembourg, hesabu hurekebishwa. Takwimu za biashara za mwezi fulani hutolewa, kisha hubadilishwa pale habari zilizochelewa zinapofika. Eurostat hutia herufi pembeni ya namba: p ni hesabu ya muda tu, e ni makadirio. Programu haizionyeshi herufi hizo mpaka uiambie keepFlags = TRUE. Tukienda kuzungumza bei ya msimu na hesabu ya muda, na wa upande wa pili akatoa iliyokwisha sahihishwa, huanguka hoja yetu nzima, pamoja na yale tuliyoyasema kwa haki.

Dawa yake ni nyepesi. Katika amri ya kuleta jedwali, get_eurostat, huongezwa maneno update_cache = TRUE. Maana yake: iache nakala, nenda ukalete upya. Iko na amri ya kufuta nakala zote, clean_eurostat_cache(), lakini mimi siipendi sana. Mtu akifuta zote kisha mtandao ukakatika, hubaki mikono mitupu. Heri nakala ya zamani iwekwe kando kwa tarehe yake, ilinganishwe na mpya. Ukiona mwezi gani umebadilika na kwa kiasi gani, hiyo nayo ni khabari.

Anayetaka kujua kama safari ina haja, aangalie orodha ya majedwali, get_eurostat_toc(), yenye safu ya tarehe ya mwisho ya kutiwa habari mpya. Orodha hii nayo husomwa mara moja tu tangu R kufunguliwa. Ikiwa imeachwa wazi tangu jana, ifungwe kwanza.

Na programu yenyewe haifichi. Baada ya kila amri huandika mstari mmoja unaosema kama jedwali limesomwa katika nakala au limeletwa upya. Vijana wetu wengi huupita mstari huo bila kuutazama.

Kuanzia toleo lijalo, jedwali lolote litakaloletwa ofisini kwa ajili ya kuchapwa liwe na tarehe na saa lilipoletwa, pamoja na herufi zake za pembeni. Lisilo na tarehe litarudishwa kwa mwenyewe.

Katibu