Upungufu wa Fedha za Chama: Sheria ya Jinai Yasemaje?

Katika vyama vya msingi vya ushirika nchini Tanzania hutokea mara kwa mara kwamba mkaguzi amalizapo kazi yake, fedha zilizomo katika sanduku na benki hazilingani na zile zinazoonyeshwa na vitabu. Papo hapo katibu huitwa mwizi, na pengine husukumwa kutia saini karatasi ya kukiri. Kwa kuwa jambo hili lagusa mali ya wanachama wote na pia uhuru wa mtu mmoja, ni vema kila chama kielewe sheria yasemavyo.

Upungufu na wizi

Upungufu ni tofauti ya hesabu, ambapo wizi ni kosa la jinai. Kwa mujibu wa Kanuni za Adhabu, mtu huiba anapochukua mali ya mwingine, au kuigeuza kwa matumizi yasiyo yake, kwa nia ya udanganyifu na bila kuwa na dai la haki juu yake. Karani au mtumishi aibaye mali ya mwajiri wake aweza kufungwa hadi miaka 10. Adhabu hiyo ni kubwa kwa sababu ameaminiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kosa lenyewe halina budi kuthibitishwa, wala halitoshi kudhaniwa tu.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba katibu wa chama cha wakulima wa pamba ameonekana kuwa na upungufu wa shilingi 1,800,000. Katika hizo, shilingi 700,000 walilipwa wapakizi kwa amri ya mdomo ya mwenyekiti, bila hati ya malipo. Shilingi 600,000 zilipokelewa na kaimu wake wakati katibu yu likizoni, na makabidhiano hayakuandikwa. Shilingi 500,000 zilizobaki zina stakabadhi zenye saini ya katibu, lakini hazikupelekwa benki wala kuingizwa katika kitabu cha fedha.

Jumla ni moja, lakini majibu ni matatu. Fungu la kwanza ni uzembe, ikiwa wapakizi na mwenyekiti watathibitisha malipo hayo. Fungu la pili laweza kuwa la mtu mwingine. Ni fungu la tatu ambalo laweza kuifanya mahakama ione nia ya udanganyifu. Aidha, mtu aandikaye hesabu za uongo kwa hila atenda kosa jingine, mbali na wizi.

Haki za mtuhumiwa

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Sehemu hiyo ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yaeleza utaratibu. Anayekamatwa aelezwe sababu. Muda wa msingi wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na waweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa tu. Anayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Aonywe kwamba asemalo laweza kutumiwa kuwa ushahidi. Endapo haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa si zito, yapasa aachiwe kwa dhamana. Na anayebaki kizuizini lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo.

Hivyo basi, halmashauri ya chama haina mamlaka ya kumfungia katibu ofisini ili akiri. Maungamo yaliyopatikana kwa vitisho yaweza kukataliwa na mahakama, na huenda chama kikapoteza kesi ambayo ingeshinda kwa vitabu vyake.

Mahakamani

Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, na kipimo chake ni kutoacha shaka yoyote ya maana. Upande huo ukimaliza mashahidi wake na ushahidi ukawa hautoshi, mahakama husema kwamba hakuna kesi ya kujibu, na mshtakiwa huachiwa. Ikiwa ipo kesi ya kujibu, mshtakiwa aweza kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi, au kunyamaza. Hahitaji kuthibitisha kwamba hana hatia. Yatosha utetezi wake uamshe shaka ya maana. Lakini kwa mambo ya hesabu, utetezi ulio bora ni karatasi: stakabadhi, hati za benki, mihtasari ya mikutano na hati za makabidhiano.

Asiyeridhika na hukumu ya mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya nia ya kukata rufani ndani ya siku 10, na rufani yenyewe hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya hukumu. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria.

Wanachama wakumbuke mambo mawili. Kurudisha fedha hakufuti kosa, ingawa mahakama yaweza kulifikiria wakati wa kutoa adhabu. Na kuachiwa katika jinai hakufuti deni, kwani chama chaweza kudai fedha zake kwa njia ya madai, ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi.

Wajibu wa chama

Upungufu ukigunduliwa, vitabu vyote vifungiwe mahali salama mbele ya mashahidi, orodha yake iandikwe, na katibu apewe nafasi ya kueleza kila fungu kwa maandishi kama apenda. Kisha Mrajis na polisi waarifiwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo hilo ndilo limtialo mwizi hatiani, na ndilo limwokoalo asiye na kosa.