Kupakia Trekta Dogo Katika Gari

Mkulima wa Kilifi au Malindi akinunua Mombasa trekta dogo la magurudumu mawili, lile ambalo wakulima wa Tanzania huliita pawatila, huwa na haraka kubwa ya kulifikisha shambani. Haraka hiyo ndiyo iletayo hatari. Trekta hutiwa nyuma ya pikapu, kisha watu husema, “Chombo hiki ni kizito, hakiendi popote.” Maneno hayo si kweli. Uzito haukifungi chombo. Uzito ndio ukisukumao mbele gari linaposimama ghafla.

Na iwe mfano trekta lenye kilo 400 pamoja na jembe lake. Kanuni za kufunga mizigo zitumikazo Ulaya hutaka vifungo viweze kuzuia, kwa upande wa mbele, nguvu iliyo sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wa mzigo, yaani kilo 320 kwa trekta hili. Na kwa upande wa nyuma na ubavuni, nusu ya uzito, yaani kilo 200. Basi kijana aambiwaye apande nyuma “aishike mashine” hawezi kuishika. Dereva akikanyaga breki ghafla, kijana huyo ndiye atakayebanwa kati ya chuma na kibanda cha dereva. Mahali pake ni kitini, au katika gari jingine.

Kupakia kwenyewe kwataka kupunguza mwinuko. Sakafu ya pikapu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimeta 75, na ubao wa kupandishia ukiwa na urefu wa meta 3, kulivuta trekta hilo kwahitaji nguvu ya kilo 100 hivi. Ubao ukiwa wa meta moja na nusu, nguvu hiyo huwa maradufu. Mwenye busara hurudisha gari lake nyuma mpaka kwenye ukingo wa ardhi ulio imara, ili sakafu na ardhi zikaribiane. Boriti za mikoko, ambazo ni rahisi kupatikana pwani, ni njema kwa kujengea nyumba, lakini hapa hazifai, kwa kuwa ni za mviringo nazo hubingirika. Zatakiwa mbao nene, pana na kavu, zilizofungwa barabara kwenye gari. Tena penye mchanga, chini ya ncha ya kila ubao huwekwa kipande kingine kipana, na gogo huwekwa chini ya sehemu ya nyuma ya gari, kwa maana uzito ukifika ukingoni springi hulala na gari huinuka mbele.

Trekta hupandishwa kwa gia ndogo, injini ikitangulia. Klachi za kugeuzia zisiguswe likiwa juu ya mbao, kwa sababu penye mteremko huweza kuligeuza upande usiotazamiwa. Wasaidizi wakae mbali na njia yake, wala mtu asisimame chini likipanda ili alisukume.

Likishafika juu, mfereji wa mafuta hufungwa, na trekta hukazwa kwa minyororo au mikanda minne, kila pembe wake, ikishika fremu na si mikono ya kuendeshea. Kamba ya usumba huvutika, na mashine ikitikisika hulegea.

Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka hori kwa feri, na dereva aliyengoja zamu yake alipata nafasi ya kuutazama mzigo. Siku hizi gari hupita Mnarani bila kusimama, na mkanda uliolegea tangu Mtwapa hufika Malindi vivyo hivyo, ikiwa utafika. Kwa hiyo dereva asimame baada ya kilometa chache za kwanza, na tena Kilifi, akaze vifungo vyote. Huko shambani, mkanda wa mwisho usifunguliwe mpaka mbao ziwe zimekwisha kufungwa mahali pake na watoto wameondolewa karibu.