Milaya Ikitoka Kitandani Kwenda Ukutani

Ukivuka Nile kutoka katikati ya Juba, Gumbo na Sherikat ndizo zinazokupokea kabla barabara haijashika safari ya kilomita 192 hadi Nimule, mpakani mwa Uganda. Marobota ya mitumba, majora ya vitambaa na katoni za nyuzi huja kwa barabara hiyo, na mzigo huo hupita Sherikat kabla ya kufika masoko ya ng'ambo ya mto. Kwa msanii anayefanya kazi kwa nguo, kitambaa kipo, uzi upo na mikono yenye ujuzi ipo. Maelezo ndiyo yanayokosekana. Kazi inashonwa kwa miezi, halafu inafika mbele ya watu ikiwa na kadi ya maneno mawili, "malighafi mseto", na mtazamaji anaondoka bila kujua alichokiona.

Nautaja msimamo wangu mapema. Msanii wa nguo hujitambulisha kwanza kwa orodha ya vitu alivyotumia, iliyoandikwa kikamilifu na yeye mwenyewe, na hata namna ya kuitundika kazi inatokana na orodha hiyo.

Tuanze na milaya, kwa kuwa hakuna mtu aliyekulia Sudan Kusini asiyeijua. Ni shuka la kitanda lililodariziwa kwa mkono. Mchoro hupigwa kwanza kwa kalamu juu ya kitambaa: maua, tausi, ndege wawili wakitazamana, pengine jina. Kisha sehemu ya kitambaa hubanwa kwenye fremu ya duara ili ikaze, na uzi hujazwa ndani ya mchoro, jani moja baada ya jingine, fremu ikihamishwa kila eneo linapokamilika. Pindo hufumwa kwa kroshia. Bibi harusi huingia nazo kwake, mgeni hutandikiwa, na siku ya sherehe huremba kuta. Vita vilipowatoa watu makwao, kina mama wengi walifunga ndani ya milaya vitu vichache walivyoweza kubeba.

Baada ya makazi ya wakimbizi ya Bidibidi kufunguliwa kaskazini mwa Uganda mwaka 2016, mpigapicha Nora Lorek aliwapiga picha watu wa Sudan Kusini wakiwa mbele ya milaya zao, na jarida la National Geographic likazichapisha. Ni picha zenye heshima, na ziliwafanya wasomaji wa mbali waitazame milaya kwa mara ya kwanza. Lakini pale milaya ilisimama nyuma ya mtu, na uso wa mwenyewe ulikuwa mbele kuisemea. Ikitundikwa peke yake ukumbini, uso huo haupo tena, na kadi ndogo pembeni ndiyo inayobaki na kazi yote ya kusema.

Sasa mchukue mdarizi anayekata milaya ya zamani, akapachika juu yake kiraka cha jinzi ya mtumba, akatoa nyuzi kwenye gunia la mahindi na kuzitembeza kama mto katikati ya maua, akamalizia kwa shanga, suksuk kama zinavyoitwa Juba. Hilo si tandiko la kitanda tena. Si mchoro wa rangi, na si vazi. Akiambiwa aandike ni nini, wengi humshauri aandike "malighafi mseto" na kuachia hapo. Mimi ningemwomba aandike hivi: shuka la pamba lililotumika, uzi wa pamba wa kudarizia, vipande vya jinzi, nyuzi za gunia, shanga za plastiki, kudarizi na kupachika kwa mkono, pindo la kroshia, sentimita 210 kwa 180, Sherikat, Juba, na mwaka.

Hiyo ni mistari mitatu tu, lakini tazama inachobeba. Mtazamaji aliyekuwa anapita anarudi nyuma kutafuta gunia liko wapi. Anayejua kudarizi anaelewa ni muda gani umeingia pale. Mhifadhi wa makumbusho anajua kuwa plastiki na pamba vitazeeka kwa mwendo tofauti. Na neno "lililotumika" linaieleza historia ya shuka bila msanii kulazimika kuandika aya nzima kuhusu machungu ya vita, jambo ambalo wasanii wa Sudan Kusini hudaiwa kila mara na waandaaji wa nje, hata pale kazi yao inapozungumzia ndoa au mvua.

Wasanii wakubwa wa eneo letu wamekwishaonyesha nguvu ya kutaja vitu kwa majina yake. Sanaa Gateja wa Uganda huviringisha karatasi zilizotupwa kuwa shanga, kisha huzishonea juu ya lubugo, kitambaa kinachopigwa kutokana na gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. "Shanga za karatasi juu ya lubugo" ni maneno sita, na ndani yake yupo fundi wa Buganda wa karne zilizopita pamoja na karatasi iliyotupwa juzi. Dickens Otieno wa Kenya hukata makopo ya soda kuwa mikanda myembamba na kuifuma, huu mtande na huu mshindio, hadi bati linaning'inia kama nguo. El Anatsui, Mghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, kwa miongo mingi, huunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba. Alisomea uchongaji, kazi zake huonekana kama vitambaa vya kifalme, na mwaka 2015 maonyesho ya Venice yalimtunukia Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Watu wamebishana kama ni nguo au sanamu. Yeye ameacha wabishane, na vifuniko na waya vimebaki vimetajwa wazi.

Wakati mwingine kazi hulazimisha jina jipya. Magdalena Abakanowicz wa Poland alipoanza, katika miaka ya 1960, kufuma maumbo makubwa ya mkonge yaliyoning'inia katikati ya chumba, hayakuwa mazulia ya ukutani wala sanamu kama watu walivyozizoea. Yakaitwa Abakani, kutokana na jina lake. Sishauri mtu aanze kwa kujibunia jina. Jina lake lilifuata kazi, baada ya watu kuiona na kukosa pa kuiweka.

Lipo suala la mikono, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hujeruhiana. Milaya mara nyingi si kazi ya mtu mmoja. Mmoja ana mkono wa kuchora, mwingine wa kujaza uzi, mwingine anasifika kwa kroshia. Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza maonyesho ya kimataifa ya Venice, mwaka 2022, ilipeleka kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakaitaja kwa heshima. Kerunen huchukua mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake kwa nyuzi za mgomba, mafunjo na rafia, akavifumua na kuviunganisha upya kuwa maumbo makubwa. Mwaka 2024 yeye ndiye aliyeratibu banda la Uganda, na safari hii kikundi cha wasusi kilikuwa miongoni mwa waonyeshaji, kikiwa na nafasi yake kwenye orodha. Huo ndio mwenendo ninaoutetea. Aliyebuni kazi ataandikwa kuwa msanii, na waliodarizi wataandikwa kwa majina kuwa wadarizi, wakilipwa kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla sindano haijaingia kitambaani.

Anayeona huu ni usumbufu atazame makusanyo ya kale. Makumbusho ya Pitt Rivers pale Oxford yana vitu vingi kutoka Sudan Kusini, vikiwemo alivyokusanya mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard kwa Wazande na Wanuer katika miaka ya 1920 na 1930. Kwenye kumbukumbu za vitu vya aina hii utapata jina la mkusanyaji, kabila, malighafi na mwaka. Jina la aliyeshona shanga zile kwa kawaida halimo. Liliachwa siku ya kwanza, na leo hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana nasisitiza kadi iandikwe Sherikat, na wenye kazi, kabla haijaandikwa kwingine na mtu mwingine.

Tuje kwenye kutundika. Kosa ninalolikuta zaidi ni misumari miwili kwenye pembe za juu, au vibanio vya kuanikia nguo. Uzito wote wa kazi unavutwa na nukta mbili, katikati panabonyea, na baada ya wiki chache nyuzi za pembeni zinaachana. Dawa yake haina gharama kubwa. Chukua kitambaa cha marekani, kifue kwa maji moto na kukikausha ili kimalize kunywea, kisha kata ukanda wenye upana wa kiganja na urefu wa kazi. Ushone kwa mkono nyuma ya ukingo wa juu, mishono ya karibukaribu, juu na chini, uwe mfuko mrefu ulio wazi pande zote mbili. Uache ulegee kidogo upande wa nyuma, ili ufito ukipita usisukume kazi kwa mbele. Ufito uwe wa mbao bapa iliyopigwa msasa na kufunikwa kitambaa, maana mbao tupu hutoa asidi inayoipa pamba madoa ya manjano. Sasa uzito umegawanyika kwa urefu wote.

Kazi yenye shanga nyingi au jinzi nzito inahitaji zaidi ya hapo. Ishonee bitana ya marekani nyuma yote, kwa mistari ya mishono mirefu inayoshuka wima, ili bitana ndiyo ibebe mzigo. Chini iache huru. Na kroshia isibebe chochote: pindo lile lilitengenezwa lining'inie.

Kama ukumbi una nafasi na kazi si nzito, itundike kutoka darini ili watu wazunguke. Mgongo wa darizi unasema mengi kuliko uso: vifundo, uzi ulioruka kutoka ua moja hadi jingine kwa haraka, mahali rangi ilipoisha na nyingine inayokaribia ikaingia. Waandaaji wengi huuficha wakidhani ni uchafu. Mimi ningeuonyesha kila inapowezekana, na kwenye kadi ningetaja kuwa pande zote mbili ni sehemu ya kazi.

Mwanga ni adui asiyesikika. Makumbusho huweka nguo kwenye lux 50 hivi, ilhali jua kali la mchana linaweza kufika lux 100,000. Rangi ikipauka hairudi, na madhara hujilimbikiza, kwa hiyo saa moja ya juani inakula sehemu ya uhai ambayo ingetosha miezi ya mwanga hafifu. Chini ya paa la mabati, chagua ukuta usiopigwa na jua kutoka mlangoni, weka pazia, na funga maonyesho baada ya wiki chache badala ya kuyaacha mwaka mzima. Wakati wa kiangazi vumbi la Juba huingia hata panapofungwa. Funika kazi kwa kitambaa chepesi usiku, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa kwa ufagio mkavu.

Maonyesho ya kwanza yafanyike hapohapo Sherikat, katika ukumbi wa kanisa au darasa la shule wakati wa likizo. Wanaojua mishono watasimama mbele ya kazi na kuuliza nani alikufundisha ua hili, na majibu yao yatainyoosha kadi yako kuliko mratibu yeyote. Baada ya hapo kuna Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron ng'ambo ya mto, kisha Kampala kwenye kituo cha sanaa cha 32° East na ukumbi wa sanaa wa Makerere, kisha Nairobi.

Kwa safari, usiikunje kazi. Wauza vitambaa huwa na mabomba ya karatasi ngumu yaliyobaki baada ya jora kuisha. Omba moja, lifunike kwa karatasi ya aluminiamu na juu yake marekani, halafu viringisha kazi uso ukiwa nje, ili darizi isibanwe kwa ndani.

Mpakani, orodha yako inaanza kufanya kazi nyingine. Afisa wa forodha hana muda wa falsafa. Anaainisha kwa kilichoandikwa. Ukiandika "shuka lililotumika" peke yake, kazi yako ni mtumba. Anza na "kazi ya sanaa, ya maonyesho, itarudi", kisha orodha nzima ya malighafi, vipimo, thamani na picha ya kila kipande mbele na nyuma. Nyuzi za mimea na lubugo huenda zikadaiwa cheti cha afya ya mimea, na ngozi au meno ya wanyamapori wanaolindwa hayavuki bila kibali cha CITES, kwa hiyo kama yamo, anza kulishughulikia hilo miezi kabla. Toa nakala tatu: moja ndani ya bomba, moja kwa dereva, na moja ibaki nyumbani, kwa sababu siku kazi inaporudi, nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa hukuinunua Kampala.