Istilahi: Kukaza Mfumo Endeshi

Kitenzi "kuimarisha" kimetumika mno katika taaluma ya kompyuta hata kimepwaya. Tunapendekeza "kukaza" kwa kazi moja mahususi: kupunguza mianya ya mfumo endeshi kwa kuzima huduma zisizohitajika, kubana ruhusa za watumiaji na kubadili nywila zilizowekwa na mtengenezaji. Mwenye nyumba wa Ijuganyondo, mjini Bukoba, ataielewa maana hii mara moja: mlango usiotumika hutiwa komeo, haujengewi ukuta mpya.

Zana zake ni za namna mbili. Lynis, iliyotolewa mwaka 2007, hukagua na kupendekeza, lakini haibadilishi kitu; hiyo ni "kikaguzi". OpenSCAP hukagua, na ikiamriwa hurekebisha pia; hiyo yastahili kuitwa "kikazaji". Azichanganyaye istilahi hizi atadhani amefunga milango, kumbe ameihesabu tu.

Zote mbili ni programu huria. "Huria" si "bure": maana yake ni kwamba msimbo wake waweza kusomwa na kurekebishwa na yeyote. Uhuru huohuo ndio uliowezesha Jambo OpenOffice kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.